Kabla ya Fyekeo: Mtoto na Maua ya Porini

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi, Muheza



Asubuhi hii, nikiwa kwenye bodaboda kuja hapa, nimepita shule moja ambayo sitaitaja. Wanafunzi kama thelathini walikuwa uwanjani wanafyeka. Ni mwezi wa tano, na kila mwalimu humu ndani anajua nyasi za Muheza zinavyokuwa masika inapoelekea kuisha. Nikamwomba kijana asimamishe pikipiki. Upande ambao ulikuwa bado haujafyekwa niliweza kuhesabu rangi nne kutoka barabarani: njano, nyeupe, buluu, na zambarau iliyopauka. Upande uliofyekwa ulikuwa kijani kitupu, sawasawa kama zulia la msikitini. Mwalimu wa zamu alidhani ni mkaguzi nimekuja, akanifuata mbio, akanieleza kwa fahari kwamba ikifika saa nne watakuwa wamemaliza.

Sina ugomvi naye. Nimekuwa mwalimu wa zamu miaka mingi kuliko umri wake, na nimesimamia ufyekaji kwa filimbi mdomoni. Nyoka wapo, mbu wapo, mkaguzi naye yupo. Lakini tazameni tunachomfundisha mtoto bila kukusudia. Anakutana na mmea wa porini shuleni akiwa ameshika fyekeo, na mara nyingi ameshikishwa kwa sababu amechelewa namba. Mmea kwake ni adhabu. Akifaulu kwenda sekondari, fomu ya kujiunga itamtaka aje na jembe, fyekeo na fagio la chelewa. Sijawahi kuona fomu inayomtaka mwanafunzi aje na kioo cha kukuzia.

Tuna neno moja linalotusaidia kufanya kazi hii haraka: magugu. Neno lenyewe halina kosa. Mkulima analihitaji, kwani gugu ni mmea ulioota mahali ambapo yeye hautaki. Lakini gugu si jina. Ukimwita mtu “mvamizi” hujataja jina lake, umesema tu kwamba hujapenda aliposimama. Na mtoto aliyelijua neno hilo moja peke yake hupita kwenye mimea arobaini akiamini amepita kwenye kitu kimoja.

Nililokuja kusema ni hili. Mtoto aangalie kwanza, jina lije baadaye, na jina la kwanza analopewa liwe la Kiswahili au la lugha ya nyumbani kwao. Sisemi hivyo kwa ajili ya uzalendo. Nasema hivyo kwa sababu majina mengi ya maua ya njiani yalitungwa na watu waliokuwa wameangalia kwa makini, na ukimpa mtoto jina la namna hiyo umempa pia sehemu ya kuangalia.

Nilijifunza hilo kwa kukosea. Mwaka wangu wa tatu kazini niliandika ubaoni kwa chaki ya rangi, Bidens pilosa, nikachora mmea mzima kutoka mzizi hadi ua, na wanafunzi wakanakili. Kwenye mtihani wa muhula karibu darasa zima lilipata swali lile. Nikajiona mwalimu. Siku ya kufunga shule tulikuwa uwanjani, nikamwita kijana aliyeongoza nikamwambia anionyeshe Bidens pilosa iliko. Akainua macho juu ya mwembe. Alitafuta kwenye matawi, kwa adabu kabisa, na soksi zake zote mbili, kuanzia kifundoni hadi karibu na goti, zilikuwa zimejaa mbegu za Bidens pilosa.

Mmea huo kwa Kiswahili tunauita kishonanguo. Laiti ningeanza na jina hilo, kijana yule asingeangalia mwembe. Angeangalia soksi.

Basi tuuangalie huo kishonanguo, maana leo nimekuja nao na nimewapitishia kila meza. Chukueni kichwa kimoja cha ua. Katikati ni njano, na pembeni baadhi yenu mmepata vipande vyeupe kama vitano na wengine hamkupata kitu. Yote ni kawaida. Sasa kipasueni kwa ukucha, taratibu, kuanzia juu. Mnachoona ndani si kitu kimoja kilichopasuka, ni vijirija vingi vya njano vilivyosimama vikibanana kama abiria wa daladala. Kila kijirija ni ua kamili. Kina midomo mitano juu, kina chavua yake, na chini yake kuna mbegu yake moja ikisubiri. Mlichodhani ni ua ni mtaa wa maua. Mwaka mmoja darasa la nne walihesabu kichwa kimoja wakapata arobaini na mbili, wakagombana, wakahesabu upya.

Mtoto akishaona hivyo mpelekeni kwenye alizeti. Hapo hamtakuwa na la kueleza. Amekwisha kubangua mbegu za alizeti, anajua zinavyopangwa. Sasa ataelewa mwenyewe kwamba kila mbegu ilikuwa na ua lake, na kwamba alizeti ni dada mkubwa wa kishonanguo. Kisha mleteeni mchunga. Huu nao ni wa ukoo huohuo, ila mtaa wake umepangwa vingine: maua yote ni ya ulimi, hakuna vijirija, na ukiweka ulimi mmoja chini ya kioo cha kukuzia utaona mwishoni una meno madogo matano. Mkikata shina linatoa maziwa. Hapa Tanga mchunga tunaujua sana, tena kwa tui la nazi, lakini tunaujua kama majani. Nimewauliza akina mama wanaochuma mchunga kila juma ua lake lina rangi gani, na wawili kati ya watano walifikiri kidogo kabla ya kujibu. Haki yao. Mboga huchumwa kabla haijachanua. Kwa hiyo ukiuacha mche mmoja shambani ufike mwisho wake, unamwonyesha mtoto nusu ya pili ya maisha ya kitu anachokila, pamoja na mbegu zenye manyoya meupe zinazopeperuka.

Nirudi kwenye mbegu ya kishonanguo, maana ndiyo iliyoupa mmea jina. Ni nyeusi, nyembamba, ina miiba miwili au mitatu kichwani. Chini ya kioo, kila mwiba una vijino vilivyoelekea nyuma, kama ncha ya ndoana. Ndiyo maana ikiingia kwenye nguo inaingia kwa urahisi na inatoka kwa tabu. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliyeupa mmea huu jina la kisayansi mwaka 1753, aliangalia mbegu hiyohiyo: Bidens maana yake ni meno mawili. Mswahili naye akaiangalia, akaona sindano. Mmoja aliona meno, mwingine akaona fundi cherehani. Wote wawili walikuwa wameinama chini kutazama.

Kuna jozi nyingine ninayoipenda kuliko hiyo. Kifauwongo mnakijua wote, mmea wenye maua ya waridi kama vifundo vya pamba, ambao ukigusa majani yake yanajikunja na vikonyo vinalegea. Linnaeus aliuita Mimosa pudica, yaani wenye haya. Alitazama jani likijikunja akaona msichana anayeinamisha uso. Babu zetu walitazama jani lilelile wakaona mjanja anayejifanya amekufa ili asiendelee kusumbuliwa. Mimi nadhani babu zetu walikuwa karibu zaidi na ukweli. Sehemu ya chini ya kila jani ina kifundo chenye chembe zilizojaa maji. Jani likiguswa maji hutoka haraka upande mmoja wa kifundo, jani likaanguka, na mnyama aliyetaka kulila huona kitu kilichonyauka. Mwachieni mtoto saa ya ukutani na mmea huu nusu saa. Aguse, ahesabu dakika mpaka majani yafunguke, aguse tena. Hakuna maabara inayohitajika.

Sasa niwaambie jambo ambalo huwashangaza watu. Kishonanguo na kifauwongo si wenyeji wa hapa. Asili yao ni nchi za joto za Amerika, na walivuka bahari pamoja na mizigo ya watu. Kwa hiyo majina haya hayakushuka na Mswahili wa kwanza. Mmea uliingia, watu wakauona mpya, wakauchungulia, wakaupa jina, na jina likashika. Kuipa mimea majina ilikuwa kazi ya watu wa kawaida, wakulima na wachunga mbuzi na watoto wao, na hakuna tangazo lililowahi kutolewa kwamba kazi hiyo imefungwa.

Nawaeleza jinsi nilivyolithibitisha hilo. Kuna ua dogo la buluu linalotambaa kando ya mitaro na kwenye mashamba ya mahindi, petali mbili kubwa za buluu na moja ndogo chini, na majani mapana yanayokumbatia shina. Kwa sayansi ni Commelina benghalensis. Ndugu zetu Wakikuyu wa Kenya wanaujua mmea huu kwa jina la mukengeria. Mimi sikutaka kuwapa wanafunzi jina lolote. Niliwagawa wawiliwawili, nikawapa mche mmoja kila jozi kuutembelea mara tatu kwa siku kwa juma zima: wakifika shuleni, wakati wa mapumziko, na kabla ya kwenda nyumbani. Waandike wanachokiona, basi.

Siku ya tatu binti mmoja wa darasa la nne akaja na daftari, amekasirika. Akasema, “Mwalimu, mmea wangu unanidanganya. Nikija asubuhi ua lipo. Nikija saa saba halipo, na hakuna aliyelichuma, maana nilimweka mdogo wangu aangalie.” Nikamwambia arudi saa tano, akae palepale. Alikaa. Aliliona ua likilegea, likijikunja, likirudi ndani ya kile kikombe cha kijani lilikotokea, ambacho ukikibonyeza kinatoa ute kama wa bamia. Akarudi darasani akasema, “Hili linaitwa kilalamchana.”

Hakuna aliyekuwa amemfundisha sarufi. Ki, kitendo, na jina, kishonanguo, kifauwongo, kilalamchana. Aliliunda kama yalivyoundwa yote yaliyotangulia, na darasa zima likalitumia mpaka walipomaliza la saba. Juma lililofuata niliwatuma wakaulize nyumbani, wakarudi na majina ya Kibondei, Kisambaa na Kidigo. Tukayaandika yote ukutani chini ya mchoro, pamoja na kilalamchana, na mwishoni kabisa lile la kisayansi. Hapo ndipo nilipowasimulia Linnaeus alivyolipata. Alilitoa kwa ukoo wa Commelin wa Uholanzi, ambao ulikuwa na wataalamu wawili maarufu wa mimea na wa tatu aliyefariki kabla hajafanya lolote kubwa. Petali mbili zinazoonekana, na moja isiyoonekana sana. Watoto walicheka. Waligundua kwamba hata wakubwa wa sayansi walikuwa wanacheza mchezo uleule wao.

Ua hili lina siri ya pili, na wakulima waliopo humu wataifurahia au watakasirika. Mbali na maua ya buluu, mmea huu hutoa maua mengine chini ya udongo, kwenye matawi yaliyofukiwa, ambayo hayafunguki kamwe. Yanajichavusha yenyewe gizani na kutoa mbegu hukohuko. Na ukiukatakata kwa jembe, vipande vya shina vinaota upya. Mtoto akichimba taratibu kwa kijiti akaliona ua lililoko ardhini, amejifunza kwa nini baba yake analalamika kila msimu, na amejifunza bila mwalimu kutumia neno “magugu” hata mara moja.

Najua mnachotaka kuniuliza. Mwalimu wa darasa la nne atayajua vipi majina yote haya? Hatayajua, na asione haya. Kazi kubwa iliyoorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikamalizika mwaka 2012. Miaka sitini, spishi zaidi ya 12,000, na yote kwa Kiingereza. Hakuna mtu aliyezikariri zote, na hakuna mtoto anayezihitaji. Mimi nasema ishirini. Mtoto akimaliza darasa la saba anazijua ishirini kwa macho, kwa mkono na kwa pua, huyo amefika. Ukiulizwa usilolijua sema “sijui, tutauliza,” kisha kaulizeni kweli. Mwalimu bora wa mimea niliyewahi kumpata hakuwa na cheti. Alikuwa mama anayeuza mboga sokoni. Nilimwalika darasani. Alishika mgagani, akawaonyesha watoto kwamba jani lake ni kiganja chenye vidole vitano, na kwamba ndio maana yeye hachanganyi mgagani na mmea mwingine hata kukiwa na giza. Mimi nikaongeza lile langu dogo: petali nne, na stameni ndefu za zambarau zinazochomoza kutoka katikati ya kikonyo cha ua kama sharubu za kambale. Nani alifundisha zaidi siku ile, watoto wanajua.

Wapo wanaosema simu itamaliza kazi hii, kwani kuna programu unapiga picha ya ua nayo inakuambia jina. Ninayo. Hunisaidia, na mara nyingine hunipotosha kwa kujiamini sana. Mwalimu aitumie jioni akiwa peke yake. Mtoto akipewa jina kwa sekunde mbili hatakaa kwenye mtaro mpaka saa tano kungoja ua lilale.

Na wapo wanaosema haya hayaulizwi kwenye mtihani wa darasa la saba. Ni kweli. Lakini petali, sepali, stameni na uchavushaji vinaulizwa, na mtoto aliyepasua kishonanguo kwa ukucha wake hahitaji kuvikariri.

Ngoja nikae kidogo kwenye mkono, maana tunaupuuza. Tunafundisha maua kwa macho tu, tena mara nyingi kwa mchoro wa kitabuni. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye uoni hafifu sana, na ndiye aliyenifumbua. Nilimpa tawi la kivumbasi, ambalo wengi wenu mnalichoma jioni kufukuza mbu, nikitegemea atalijua kwa harufu. Alilijua kwa harufu, ndiyo, lakini akaendelea kulizungusha shina kati ya kidole gumba na cha shahada, akasema, “Hili lina kona.” Lina kona nne. Shina la kivumbasi ni la mraba, na majani yake yametoka mawilimawili yakitazamana. Nikampa mrehani. Kona nne. Nikampa mnanaa kutoka bustanini. Kona nne. Akaniuliza kama ni ndugu. Ni ndugu, wako ukoo mmoja, na alama ya kwanza ya ukoo wao ameigundua mtoto ambaye tulikuwa tumemkalisha mbele ili asikie maelezo ya picha. Tangu siku ile darasani kwangu mmea hauangaliwi mpaka umeshikwa kwa macho yaliyofumbwa.

Kushika kuna sheria yake, na hapa sitanii. Hakuna kinachoingia mdomoni, na mikono inanawishwa. Mnajua turituri, mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto hupenda kuzitunga shanga: zina sumu inayoweza kuua, na ikitafunwa ndiyo hatari zaidi. Lipo ua zuri kuliko yote ya vichakani mwetu, la petali nyekundu zenye kingo za njano zilizopinda kwenda nyuma kama miali ya moto, na ncha za majani yake zinajiviringisha na kushika mimea ya jirani ili lipande. Ni Gloriosa superba, na lote ni sumu, kiazi chake zaidi. Msimfiche mtoto ua hilo. Mtoto aliyeonyeshwa na kuelezwa yuko salama kuliko aliyekatazwa tu kwenda kichakani, kwa sababu kichakani atakwenda.

Sisi wa Muheza hatuna kisingizio, maana tuna Amani juu yetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa mimea, na hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia hukohuko kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kwenye makabati yale ya Nairobi mimea ya milima hii imekaushwa, imebandikwa kwenye karatasi, imeandikwa ilichumwa lini na wapi. Amani hiyohiyo Peter Greenway, mtaalamu wa mimea wa wakati wa Waingereza, alikusanya kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Wakati ule kulikuwa na majina ya kutosha vinywani mwa watu hata mgeni akatengeneza kitabu. Hilo linanikera kidogo, nikiri. Leo nikimwuliza mwanafunzi wa Amani maua matano ya msituni kwao, ananitajia waridi.

Na waridi si la kwao. La kwao ni lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito, majani mazito yenye vinyweleo laini kama sikio la mbuzi. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani huku Usambara, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Tangu hapo limezaliana kwenye vyungu vya madirisha ya Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na bibi wa Berlin analimwagilia kila Jumamosi, ilhali porini linapatikana Tanzania na Kenya tu, sehemu chache, na linapungua kadiri msitu unavyokatwa. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo jina la baroni nalo limeshushwa cheo. Nasema hivi ili msiogope majina ya kisayansi. Nayo huhama nyumba. Mtoto wa Amani akilikuta ua hilo mwambani, alichore, aliandikie tarehe, aliache lilipo. Asiling'oe hata kama ni la kumpelekea mwalimu.

Kule Kitulo, kwenye nyanda za juu za kusini, mambo yalikwenda vizuri zaidi kwa upande mmoja na vibaya kwa upande mwingine. Uwanda ule watu wanauita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ukawa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake, jambo lisilo la kawaida Afrika, ambako hifadhi hutengwa kwa ajili ya tembo na simba. Una okidi za ardhini aina 45. Lakini viazi vya okidi hizo vilichimbwa magunia kwa magunia kupelekwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Anayechimba anakijua kiazi vizuri sana. Ua hajapata kulitazama, kwa sababu hakuna aliyempa nafasi ya kulijua kwa njia nyingine.

Nimalizie na ombi, maana nimeona mwenyekiti anaangalia saa, na najua harufu ya pilau imefika ukumbini kabla yangu.

Mkirudi shuleni, pimeni kipande cha hatua kumi kwa hatua kumi, mbali na madarasa ili msiniletee habari za nyoka. Pigeni vigingi vinne, fungeni kamba. Kipande hicho kisifyekwe kuanzia mvua ya kwanza ya masika mpaka mbegu zianguke, yaani mwezi wa saba hivi. Kila mwanafunzi wa darasa la nne awe na mche mmoja humo, wake, na daftari la penseli. Andikeni kwenye kigingi jina ambalo watoto wamelitoa, la wazee chini yake. Mwezi wa saba ukifika fyekeni, mkitaka. Na mkaguzi akiuliza ni uvivu gani huu, mwambieni ni mimi niliyewatuma.